Visa vya bibi vinagongana, nianzie wapi?

Swali

Shikamoo. Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwezi wa tatu, kijijini Muheza. Usiku wa arobaini, baada ya hitma, wajukuu tulibaki barazani tukikumbushana vituko vyake, tukacheka mpaka mama zetu wakatoka kutukemea. Asubuhi tukakubaliana kutengeneza kitabu cha familia kiwe tayari kwa kisomo cha mwaka, na kazi nikapewa mimi. Nilichopata hadi sasa kwenye kundi la WhatsApp ni "bibi alikuwa mtu wa watu" na picha za maua. Hata mwaka wake wa kuzaliwa hatuujui: mjomba anasema 1932, mama mdogo anasema 1938, kitambulisho kinasema 1940. Kisa cha bibi na mgambo kina matoleo matatu. Binamu anasema babu alijificha uvunguni akapiga chafya, bibi akasema ni mbuzi. Mjomba anasema bibi alisimama mlangoni na mchi, babu hakuwepo kabisa. Mama mdogo anasema hayo yalimpata baba yake bibi, enzi za Mwingereza. Halafu mjomba hataki iandikwe kwamba bibi aliwahi kuolewa Korogwe kabla ya babu, na kwamba ana mtoto huko. Nina kaseti mbili za salamu alizomrekodia mjomba alipokuwa baharia, na sauti zake nyingi kwenye simu yangu. Nianze na lipi?

Mjukuu, Tanga mjini

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote.

Kitabu kwanza kiweke kando. Usichague jalada, usipange sura, usimtafute mtu wa kukupambia kurasa. Mbele yako kuna vinavyoweza kungoja na visivyoweza. Picha za ukutani zitangoja mwezi mzima bila tatizo. Mdogo wake bibi, kama bado yu hai, hangojeshwi. Kaseti nazo hazingoji, wala sauti zilizolala kwenye simu moja ambayo kesho inaweza kuchomolewa mfukoni kwenye daladala.

Simu imalize leo, ni kazi ya jioni moja. Kwenye simu za Android sauti za WhatsApp hukaa kwenye folda yake, na jina la kila faili huanza na herufi PTT, likafuatiwa na mwaka, mwezi na siku. Maana yake unayo tayari shajara ya bibi yenye tarehe, na hakuna aliyekaa kuiandika. Majina hayo usiyaguse. Nakili folda nzima kwenye kompyuta, nakala nyingine uitie kwenye flashi itakayolala nyumbani kwa ndugu mwingine, ya tatu uiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usijifariji kwamba "zipo WhatsApp". Ukibadilisha simu vibaya au ukifuta mazungumzo, zimekwenda. Waombe na ndugu wengine wafanye hivyo, na uwakataze kuchagua nzuri tu. Ile sauti fupi ya "mbona hunipigii, au umeolewa kimyakimya?" ina bibi ndani yake kuliko wasifu wote uliosomwa siku ya maziko.

Kaseti zinataka mkono mtulivu zaidi. Kabla ya lolote, vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye ukingo wake wa nyuma, ule usio na utepe. Vikishavunjika, redio haitakubali kurekodi juu ya sauti ya bibi hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Kisha zitazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe au wa kijivu kwenye utepe, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani. Usiicheze, itachafua mashine na utepe wenyewe unaweza kukatika. Kama ni safi, kaza utepe uliolegea kwa kuuzungusha na penseli, futa kichwa cha redio, kile kipande cha chuma kinachogusa utepe, kwa pamba yenye spiriti, halafu ijaribu redio hiyo kwa kaseti usiyoililia, hata ya taarabu ya zamani. Ikipita salama, chomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta na urekodi kwa programu ya bure kama Audacity. Kaseti ya C-60 ina nusu saa kila upande, ya C-90 dakika 45. Rekodi pande zote mbili mpaka mwisho, hata ukidhani upande wa pili ni mtupu. Wala usikate kelele. Nyuma ya salamu za bibi kutakuwa na jogoo, na mtoto analia, na mtu anapita anaulizwa "umefunga mbuzi?". Mtoto yule ni nani? Huenda ni binamu yako huyo huyo mwenye kisa cha chafya. Na kama redio ya nyumbani ilikuwa ikisoma taarifa ya habari wakati bibi anarekodi, umepata tarehe ya kaseti bila kumuuliza mtu.

Sasa lile kundi na maua yake. Ndugu zako hawajawa wavivu. Kundi la familia baada ya msiba ni kama foleni ya kutoa mkono wa pole, kila mtu anasema alichosema aliyemtangulia na kupisha. Ukiuliza mbele ya watu wote "bibi alikuwaje?", utajibiwa kwa lugha ya msibani: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, kiungo cha familia. Nimesoma wasifu wa marehemu wengi katika kazi yangu ya kukusanya simulizi za wazee, na ukiyaondoa majina huwezi kujua nani ni nani. Tatizo si uongo, maana bibi yako pengine alikuwa hayo yote. Tatizo ni kwamba hata jirani yake alikuwa hayo yote.

Kwa hiyo toka kundini. Mfuate mtu mmoja mmoja, na umuombe ajibu kwa sauti, asiandike. Wazee wetu wengi wakishika kalamu wanaandika barua rasmi. Wakishika simu na kusema, wanasimulia. Tuma swali moja tu kwa siku, na swali lenyewe liwe juu ya alichofanya bibi, tabia zake zitajionyesha zenyewe. Aliwaamshaje asubuhi? Kuku aliwaitaje? Pesa alizificha wapi, kwenye pindo la khanga, chini ya godoro, au kwenye kopo la mchele? Akikasirika alinyamaza au alisema, na alisemaje? Nani kijijini alikuwa akimwogopa? Nani alikuwa hamwogopi hata kidogo? Nani alikula naye sahani moja? Chungwa alilimenyaje? Msicheke, mtu wa Muheza humjua mtu kwa namna anavyomenya chungwa. Kila swali la namna hiyo litaleta kisa, na kisa kitaleta kisa kingine ambacho hukukiuliza. Hicho ambacho hukukiuliza ndicho kizuri.

Waulize pia alikuwa akimwita nani nani. Bibi wa pwani hana mjukuu anayeitwa jina lake tu. Wa kiume ni "mume wangu", wa kike ni "mke mwenzangu", na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyependwa hivyo. Kusanya majina yote hayo, uyapange ukurasa mmoja, uone vicheko na wivu utakavyozuka.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo naona ndilo kubwa katika barua yako, ingawa umelipitia haraka. Wajukuu mlicheka, mama zenu wakatoka kuwakemea. Wewe umelisoma kama suala la adabu za msiba. Mimi naona zaidi ya hapo: watu wa ndani na watu wa barazani hawakuwa wakimkumbuka mwanamke yule yule.

Katika mila zetu mtu ana utani na bibi yake na babu yake, lakini kwa baba na mama ni heshima. Hili halikuanza na vitabu, ila vitabu vimeliona. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliliandikia mwaka 1940, na katika miaka hiyo hiyo R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, huko milimani juu kwenu, aliwaacha ndege wake kidogo akaandika kuhusu utani wa Tanganyika. Mama yako na mjomba wako walilelewa na mwanamke mwenye fimbo nyuma ya mlango, mwenye watoto wa kulisha na shamba la kupalilia. Nyinyi mlilelewa na mwanamke yule yule baada ya mzigo kutuliwa, alipokuwa na nafasi ya kuwatania. Mjomba akisikia mnasimulia kwamba bibi alikuwa akiiga mwendo wa shehe, moyoni anasema: mama yangu hakuwa hivyo. Ni kweli hakuwa. Mama yake hakuwa hivyo. Bibi yenu alikuwa.

Ukilishika hilo, nusu ya migongano yako itakoma kuwa migongano. Usijaribu kutafuta toleo moja litakalowaridhisha wote, maana litakuwa lile lile la "mtu wa watu". Andika kila kisa kwa mdomo wa aliyekisimulia, na jina lake chini, na uhusiano wake na bibi: mtoto wa pili, mkamwana, mjukuu aliyelala naye chumba kimoja, jirani aliyegombana naye. Msomaji atajua mwenyewe amesimama wapi.

Tuchukue kisa cha mgambo, kwa kuwa ni kizuri mno kukiacha. Matoleo matatu hayana maana kwamba wawili wanasema uongo. Muulize kila mmoja peke yake, wengine wasisikie: ulikuwa umesimama wapi? Nyumba ilikuwa ya makuti au ya bati? Mgambo alivaa nini? Jikoni kulikuwa na nini? Aliyeona kwa macho atakujibu vitu vya pembeni visivyo na faida kwa kisa, kwamba kulikuwa na mihogo imeanikwa, kwamba mgambo mmoja alikuwa na kandambili. Aliyesikia atarudia kisa chenyewe, kwa maneno yale yale aliyokupa mara ya kwanza.

Halafu weka nyakati. Enzi za Mwingereza kulikuwa na kodi ya kichwa, na watu walijificha. Mwishoni mwa 1973 Serikali iliagiza watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na huko nako wapo waliosimama mlangoni na mchi. Kisha ikaja kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, ambayo mgambo waliwafukuzia wanaume mpaka mashambani. Kisa cha aina hii kingeweza kutokea katika nyakati zote tatu. Sishangai kikiwa kilitokea mara mbili, kwanza kwa baba yake bibi, kisha nyumbani kwake mwenyewe, na bibi kwa ufundi wake wa kusimulia akavishona pamoja.

Na mjomba? Hapa nakisia tu, lakini sikiliza kaseti ukiwa na hili kichwani. Kama mgambo alikuja miaka ambayo mjomba alikuwa melini, hakuona lolote. Alisimuliwa, na aliyemsimulia yawezekana ni bibi mwenyewe kwenye kaseti hizo hizo. Mama anayemtumia salamu mwanawe aliye mbali hatamwambia "baba yako alikuwa uvunguni akipiga chafya". Atamwambia alisimama mlangoni na mchi, na baba yako hakuwepo. Chafya na mbuzi aliwawekea wajukuu. Ukikikuta kisa hicho kwenye kaseti, usikitumie kumshinda mjomba mbele ya watu. Yeye amekihifadhi kama alivyopewa.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa: kitambulisho usikitegemee peke yake. Namba ya kitambulisho cha Taifa huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tazama kama siku ni tarehe 1 ya Januari au ya Julai. Ikiwa ndivyo, karibu hakika ni kisio la siku ya kujiandikisha, kwa sababu watoto wengi wa vijijini Tanganyika ya zamani hawakuandikishwa popote. Kisio la miaka kadhaa si kosa la bibi wala la karani.

Fanya hesabu kwa matukio. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, Waingereza wakakosa katani ya huko wakageukia mkonge wa Tanga, na mashamba ya ukanda wenu yakajaa manamba walioletwa kutoka mbali. Je, bibi aliwahi kusimulia kwamba aliwaona wakishuka kwenye treni? Alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni? Mtoto anayebebeshwa mtoto ana miaka sita au saba kwenda juu, na hapo 1938 inaanza kuyumba, 1940 ndiyo inaanguka kabisa. Siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961, alikuwa na watoto wangapi, na yupi alikuwa anatembea? Kama aliwahi kuanika singa kwenye shamba la mkonge, ilikuwa kabla ya mashamba kutaifishwa 1967, au baada? Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ulipoingia wakati wa njaa ya miaka ya 1970, nani alikuwa ananyonya? Na kama ukoo wenu una Wakristo, kama koo nyingi za Kibondei zilivyo na pande mbili, uliza kama kaka au dada yake yeyote alibatizwa Magila. Misheni hiyo ni ya zamani, na umri wa ndugu ulioandikwa kwenye daftari la ubatizo unakusaidia kuukisia wa bibi.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko yote unao, na umejificha kwenye kile ambacho mjomba hataki kiandikwe. Yule mtoto wa Korogwe ana umri gani? Akiwa alizaliwa, tuseme, 1951, basi kwa mwaka wa mama mdogo bibi alijifungua akiwa na miaka kumi na mitatu. Kwa mwaka wa mjomba alikuwa na kumi na tisa. Huenda mjomba anaujua mwaka wa 1932 kwa sababu hiyo hiyo anayoificha. Mama mdogo, kama hakuwahi kuambiwa habari za Korogwe alipokuwa mdogo, alihesabu kuanzia ndoa anayoijua.

Sasa jambo lenyewe. Usilipeleke kundini likapigiwa kura. Nenda kwa mjomba mwenyewe, jioni, ukae naye, umuachie aanze yeye. Kumbuka anayekataa ni mtoto wa marehemu, si mhariri wako, na kwa mtoto wa kiume wa umri wake ndoa ya kwanza ya mama si jambo la kuchezea. Mafundisho ya dini yanatuasa kutaja mema ya maiti, naye ana haki ya kukukumbusha. Ila ndoa si baya. Watu waliolewa, wakaachika, wakaolewa tena, pwani nzima. Pima hivi: bibi mwenyewe aliisemaje habari hiyo? Kama alikuwa akiitaja mchana, mbele ya watu, akicheka, basi ilikuwa yake na ameitoa. Kama alimwambia mtu mmoja usiku, hiyo ni amana, na kitabu cha familia si mahali pake hata kama kisa ni kitamu.

Nitakuwa wazi kuhusu upande wangu. Kati ya hofu ya mjomba na yule mtu wa Korogwe, namfikiria zaidi yule wa Korogwe. Kama ni mwanamke, huyo ni mama yako mkubwa, amefiwa na mama yake mzazi, na sidhani kama yumo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Je, aliitwa msibani? Alipewa pole kama mtoto au kama mgeni? Kabla hujamtafuta kwa ajili ya kitabu, mpelekeeni pole, na aende mtu mzima, asiende mjukuu na simu ya kurekodia. Ikiwezekana aende mjomba. Akiridhika kusema, atakuwa na jambo ambalo hakuna mwingine aliye nalo, bibi akiwa msichana. Na asiporidhika, mwacheni. Kwenye kitabu mnaweza kuandika mstari mmoja tu katika orodha ya watoto, jina lake la kwanza likiwa la kwanza, bila maelezo. Mjomba anaweza kuukubali mstari ambao hangekubali uwe ukurasa.

Picha na nguo nitazipitia haraka. Picha piga kwa simu, kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, picha ikiwa imelazwa. Iliyoganda kwenye kioo usiibandue, ipige na kioo chake. Geuza kila moja nyuma utafute mhuri wa studio. Majina andika kwa penseli laini, kamwe si kwa peni, maana wino hupenya upande wa pili. Kila aliye pichani atambuliwe na wazee wawili, kila mzee kwa wakati wake.

Khanga za bibi najua zimeshagawanywa. Hapana neno, kila aliyepata aipige picha ikiwa imetandazwa ili maneno yasomeke. Ukipata orodha ya majina ya khanga zake umepata orodha ya aliyotaka kuwaambia watu bila kufungua kinywa. Kama kuna "Hasidi hana sababu", muulize jirani wa muda mrefu ilivaliwa siku gani na ikapita mbele ya nyumba ya nani. Atajua. Kama kuna khanga ya kuzaliwa kwa CCM ya 1977, au ya kampeni fulani, inakusaidia pia kuipa tarehe picha aliyoivaa.

Na mapishi usiyaombe kwa maandishi. Mama mdogo akiandika kisamvu cha bibi ataandika "nazi kiasi, chumvi kiasi". Nenda jikoni kwake, apike, wewe upime kila anachokishika kabla hakijaingia chunguni. Wakati huo huo mkono ukiwa na kazi mdomo hufunguka. Usishangae kisa bora cha kitabu kizima kikitoka wakati wa kukuna nazi.

Hapo uwe mwangalifu. Umesema mama zenu walitoka kuwakemea, na nadhani mmoja wao ndiye aliyemuuguza. Aliyeuguza hamkumbuki bibi wa vituko, si sasa. Anakumbuka dawa za usiku, kugeuzwa kitandani, pumzi za mwisho. Zile kumbukumbu za karibu hufunika za miaka sabini, na hazifunuki kwa kuambiwa "tuseme mambo ya furaha". Muulize mwisho kabisa, miezi ijayo. Akianza na ugonjwa mwache amalize ugonjwa, urekodi kama unavyorekodi kichekesho, kisha umuulize siku nyingine bibi alikuwaje alipokuwa na nguvu. Kama hataki kushiriki kabisa, ukurasa wake ubaki mweupe na jina lake juu. Anaweza kuujaza miaka mitano ijayo kwa mkono wake.

Kuna watakaokwambia kwamba kumchimbua marehemu namna hii ni kukataa kumwacha apumzike. Sigmund Freud aliandika mwaka 1917 maneno yaliyofanya wengi Ulaya waamini kwamba kazi ya majonzi ni kuuondoa moyo kwa aliyekufa. Ilichukua hadi 1996 kwa wasomi watatu wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, kueleza kwa upana kwamba watu wengi wanaopoa vizuri wanaendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao. Kwenu Muheza hakuna aliyewasubiri hao watatu. Mnasoma hitma, mnampa mtoto jina lake, mnaapa kwa kaburi lake. Kitabu chenu hakitaongeza jambo geni.

Kukichapisha ni rahisi kuliko unavyodhani. Duka lolote la vifaa vya ofisi Tanga mjini litakutolea nakala na kuzifunga kwa springi. Maneno ya Kibondei usiyageuze Kiswahili sanifu. Yaache yalivyotamkwa, weka maana pembeni kwa watoto wa Dar. Weka kurasa tupu mwishoni, kwa sababu siku ya kisomo watu wakishakishika mkononi ndipo watakapokumbuka, na matoleo ya kisa cha mgambo yatafika matano. Usikipeleke kwenye mtandao wa wazi. Mle kuna majina ya watu wazima na watoto, na ugomvi wa jirani ambaye wajukuu zake bado mnakutana nao sokoni.

Kwa wiki hii basi: simu leo, kaseti Jumamosi, na kabla ya hizo zote piga simu kwa yeyote aliyebaki wa tumbo la mama yake bibi, uulize anaamka saa ngapi na siku gani hana miadi ya hospitali. Nenda asubuhi, wazee huchoka baada ya adhuhuri. Kaseti zikionyesha kuvu, zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, ziweke mahali pakavu na uniandikie tena.